Manukato ya Umbali wa Mkono

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Taksi ya kutoka Ntinda kwenda mjini ilikuwa imejaza watu wake 14, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya manyunyu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kijana aliyejimwagia manukato mazito ya sukari na udi, na kabla hatujafika Kamwokya sote tulikuwa tumeyavaa, tutake tusitake. Mimi nilibanwa kando ya mama mmoja wa makamo mwenye koti la kijivu. Nilidhani hakujipaka chochote. Kisha akanyoosha mkono kumpa kondakta nauli, na hapo ndipo harufu yake iliponifikia: ganda la limau lililokwaruzwa kwa kucha, punje ya iliki, na nyuma yake kitu kama mvuke wa chai nyepesi isiyo na maziwa. Mkono uliporudi mapajani, harufu nayo ikamrudia mwenyewe.

Ninawaandikia wanaotaka kunukia kama yule mama. Manukato laini ya limau, viungo na chai yanaufaa mji wa Kampala kuliko aina nyingi zinazouzwa kwa kishindo, lakini ndiyo yanayohukumiwa vibaya zaidi. Mtu huyanusa dakika mbili dukani, akayapenda, akayanunua. Baada ya saa moja hayasikii tena, na jioni anawaambia wenzake kwamba hayakai. Mara nyingi kosa ni la kipimo. Tumezoea kupima manukato kwa ukali, ilhali haya hupimwa kwa saa na kwa umbali. Ukijifunza vipimo hivyo viwili, utajua lipi la kununua, lipi la kuacha, na namna ya kulivaa ulilolinunua.

Ndani ya chupa mna nini

Manukato ya jamii ya limau yana umri mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya kumi na nane Mwitaliano Giovanni Maria Farina alianza kuuza maji yake ya kunukia katika mji wa Köln, Ujerumani, na jina la mji huo ndilo lililozaa neno kolonya. Msingi wake ulikuwa mafuta ya maganda ya matunda kama limau, chungwa na bergamoti, tunda la Calabria kusini mwa Italia ambalo mafuta yake ndiyo yanayoipa chai ya Earl Grey harufu yake. Mdanzi, ule mti wa machungwa machungu tunaoujua pwani, nao umechangia sana: maua yake hutoa mafuta ya neroli, na majani pamoja na vijitawi vyake hutoa mafuta mengine yenye ukijani na uchungu mtamu.

Chai iliingia baadaye sana. Mwaka 1992 mtengenezaji manukato wa Ufaransa, Jean-Claude Ellena, aliwatungia Bulgari Eau Parfumée au Thé Vert, yenye bergamoti, iliki, giligilani, pilipili manga na dhana ya chai ya kijani. Chupa hiyo ilifungua njia. Mwaka 1996 Bulgari wakatoa Pour Homme ya Jacques Cavallier, iliyojengwa juu ya chai ya Darjeeling, na mwaka 1999 Elizabeth Arden wakatoa Green Tea ya Francis Kurkdjian, ambayo hata leo ni mlango wa bei nafuu kwa anayetaka kuanza. Nazitaja ili uwe na vigezo. Chupa yoyote mpya unayoonyeshwa leo ni mjukuu wa mojawapo ya hizo.

Jambo la kushangaza ni kwamba chai iliyomo ndani ya manukato kwa kawaida si chai ya majani. Mtungaji huijenga kwa vitu vingine. Huchukua hedioni, kiambato chenye hewa ya asumini kilichopata sifa katika Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, akakipatanisha na iononi zenye harufu ya urujuani, akaongeza bergamoti na viungo kidogo, na pua yako ikakamilisha yenyewe: chai. Wengine hutumia dondoo la maté, majani ya Amerika Kusini, kupata ule ukavu wa jani.

Hili ni muhimu kwa msomaji wa Uganda. Nchi hii imeijua chai tangu ilipopandwa katika bustani ya mimea ya Entebbe mwaka 1900, na leo inalimwa Fort Portal, Bushenyi, Mityana na kwingineko, kisha sehemu kubwa huuzwa kwenye mnada wa Mombasa. Lakini chai yetu nyingi ni nyeusi, iliyosagwa ikawa punje ndogo, inayotoa rangi haraka na kuhimili maziwa na tangawizi. Ukitarajia manukato yanukie kama kikombe hicho utavunjika moyo. Tarajia kile Waganda wanachokiita chai mukalu, chai kavu isiyo na maziwa, tena iliyotiwa majani machache.

Ifundishe pua kwanza

Kabla ya kwenda duka la manukato, nenda soko la Nakasero. Nunua limau moja, chungwa moja lenye ganda la kijani, iliki kidogo, mbegu za giligilani, kipande cha tangawizi na kijipakiti cha chai ya kijani. Zoezi zima halifikii bei ya chakula cha mchana, na litakufaa miaka mingi.

Kwaruza ganda la limau kwa kucha mbele ya dirisha. Utaona vitone vya mafuta vikiruka kama vumbi jembamba. Nusa mara moja: ni kali, ina mwanga, karibu ikufanye upige chafya. Weka kidole pembeni, tazama saa, rudi baada ya dakika kumi. Mwanga umekwenda, umebaki uchungu mdogo wa ganda. Hapo umejifunza kanuni ya kwanza kwa pua yako mwenyewe: limau haliwezi kukaa. Chembe zake ni nyepesi na huruka mapema, hata kwenye chupa ya bei kubwa. Atakayekuahidi limau la asubuhi mpaka usiku anakuuzia kitu kingine.

Sasa pasua iliki. Harufu ya kwanza ni baridi, kama dawa ya kifua. Subiri kidogo, utamu utakuja. Ponda giligilani: utasikia ganda la chungwa ndani ya mbegu kavu. Ndiyo sababu watungaji huipenda, kwani ni daraja kati ya tunda na kiungo. Mwisho, mimina maji ya moto yasiyotokota juu ya chai ya kijani. Nusa mvuke, kisha mwaga maji na unuse majani yaliyolowa. Mvuke una maua, majani yana nyasi na moshi kidogo. Ukifika dukani utakuwa unatambua marafiki, hutakuwa unabahatisha.

Kupima dukani, na zaidi baada ya duka

Nenda asubuhi, pua ikiwa haijachoka. Siku hiyo usijipake losheni yenye harufu. Usinuse zaidi ya manukato matatu kwenye vikaratasi, na usijaribu zaidi ya mawili kwenye ngozi, moja kila mkono. Muuzaji akikuletea kopo la buni za kahawa ili usafishe pua, mshukuru, lakini nusa kitambaa cha shati lako au toka nje upumue. Jaribio lililofanywa Beloit College, Marekani, likachapishwa mwaka 2011, halikuona kahawa ikisaidia pua kuliko hewa ya kawaida.

Puliza kwenye kifundo cha mkono kwa umbali wa shubiri moja, acha pakauke penyewe. Usisugue; joto la kusugua huharakisha kuondoka kwa lile limau ambalo tayari lina haraka. Kisha fanya jambo gumu kuliko yote: ondoka dukani bila kununua.

Nililijua hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita niliipenda chupa moja katika duka la mjini ndani ya dakika tano, nikalipa. Nilipofika nyumbani limau lilikuwa limekwenda na chini yake hapakuwa na chai wala viungo, ila harufu ya sabuni ya unga. Manukato hayakunidanganya. Mimi ndiye niliyesikiliza salamu nikaondoka kabla ya mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe yana sehemu tatu. Dakika 15 hadi 30 za mwanzo ni za matunda. Kuanzia nusu saa hadi saa tatu hivi ndio moyo: chai na viungo. Baada ya hapo hubaki msingi wa manukato, kwa kawaida mti mkavu kama mwerezi au msandali pamoja na miski nyeupe. Panga siku yako uweze kunusa katika vituo vyote vitatu, na ujiulize maswali haya.

La kwanza, limau hili ni la tunda au la dawa ya kusafishia sakafu? La tunda lina uchungu na ukijani ndani yake. La sakafu ni tamu na nyoofu, halina kona.

La pili, viungo vinapasha joto au vinachoma? Iliki na giligilani zikiwekwa vizuri, utazihisi kabla hujazitambua. Karafuu ni ya kuchunga zaidi. Ile yujenoli inayopatikana kwenye mafuta ya makonyo ya Pemba ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na madaktari wa meno, na ikizidi tone moja, mkono wako utanukia kliniki.

La tatu, limau linapoondoka, kuna shimo? Hapa ndipo manukato mengi ya aina hii hufia. Kwenye yaliyotungwa vizuri, chai inakuwa imeshaingia chumbani kabla limau halijatoka. Ukisikia pengo la dakika kumi ambapo hakuna kitu ila spiriti na utamu, acha.

La nne, chai ina ukavu? Chai ya kweli hukausha ulimi, na chai ya manukato lazima iukaushe utamu. Ikiwa kinachobaki ni sukari na maua tu, umeuziwa maua.

La tano, mwisho wake unakuhusu? Saa nne baadaye utakuwa ukiishi na mti na miski, na hizo ndizo saa nyingi za siku. Miski nyeupe ndiyo inayotumika pia kwenye sabuni za kufulia, kwa hiyo ikizidi, unanukia kamba ya nguo. Wengine huipenda harufu hiyo. Mradi uwe umeichagua mwenyewe.

Kisha mwombe mtu mwingine akunuse. Pua huizoea harufu ya mwenyewe ikaacha kuitaja, na kuna watu ambao pua zao hazisikii baadhi ya miski kabisa. Simama na mtu wa nyumbani kwako umbali wa mkono ulionyooshwa, muulize anasikia nini. Akisikia kidogo, tena akasogea kusikia zaidi, manukato yamefaulu. Asiposikia kitu hata akikukumbatia, hayo kweli ni dhaifu. Waswahili wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika manukato methali hii ni kipimo hasa.

Kuyavaa katika hali ya Kampala

Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi kidogo, mchana jua ni kali, na mvua hukata siku katikati. Hali hii huyafaa manukato ya chai. Unyevu baada ya mvua huiamsha harufu, nawe utashangaa saa kumi jioni kusikia iliki uliyodhani imekwisha tangu saa tano.

Kwa anayepanda taksi na kufanya kazi ofisini, mipulizo miwili au mitatu inatosha: mmoja kifuani chini ya shati, mmoja shingoni kwa nyuma, na wa tatu kwenye kikunjo cha kiwiko. Kifuani huinuka polepole kwa joto la mwili. Shingoni kwa nyuma huacha nyayo ndogo za harufu unapopita. Kwa anayepanda boda, upepo utakupokonya kila kilicho shingoni kabla hujafika Wandegeya, kwa hiyo pulizia chini ya nguo, au subiri ufike.

Ngozi kavu huyamaliza manukato upesi. Jipake mafuta yasiyo na harufu kwanza, hata vaselini kidogo mahali utakapopuliza. Mafuta ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda ni mazuri sana kwa ngozi, lakini yasiyosafishwa yana harufu yake ya njugu na moshi itakayoifunika chai. Yaweke kwa ajili ya usiku.

Nguo ya pamba huhifadhi harufu kuliko ngozi, hasa kola na skafu. Lakini jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Kanzu nyeupe huonyesha kila doa, na gomesi ya hariri au satini haisamehe. Siku ya kwanjula, pulizia ngozi nusu saa kabla ya kuvaa na uiache nguo salama. Mtakaa mmebanana chini ya hema, luwombo linafunguliwa, wazee wako karibu. Harufu inayokaa kwa mwenyewe ni sehemu ya adabu.

Mchana unaweza kuongeza mpulizo mmoja. Beba kichupa cha mililita tano mkobani, futa jasho kwanza kwa kitambaa chenye maji, kausha, ndipo upulize. Kuongeza si aibu kwa manukato ya namna hii. Limau linaondoka kwa maumbile yake, na mpulizo wa saa saba hukupa asubuhi ya pili.

Wasomaji Waislamu wasiotaka spiriti huniuliza kuhusu uturi wa mafuta. Upo, na unauzwa kwa vichupa hata nje ya misikiti siku ya Ijumaa. Ujue tofauti yake: spiriti ndiyo inayolirusha limau hewani, kwa hiyo kwenye mafuta limau litanong'ona tangu mwanzo, lakini chai na viungo vitakaa zaidi karibu na ngozi. Upime kwa moyo wake na mwisho wake, usiudai mwanga wa kolonya.

Tahadhari ya jua, na utunzaji

Mafuta ghafi ya bergamoti na ya ndimu yana viambato vinavyoshirikiana na jua kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayochukua muda mrefu kutoka. Watengenezaji makini hutumia mafuta yaliyoondolewa viambato hivyo, lakini mchanganyiko wa mtaani hauna anayekuhakikishia. Sisi tunaishi kilomita zipatazo 70 tu kutoka Kayabwe, mahali mstari wa ikweta unapokata barabara ya Masaka. Mchanganyiko usioujua asili yake uuvae chini ya nguo, na kamwe usijipake mafuta ya ndimu au limau ukatoka juani. Kitu kinachochoma au kuwasha ngozi, kioshe kwa maji na sabuni na usikirudie.

Limau ndilo la kwanza kuharibika ndani ya chupa. Adui zake ni joto, mwanga na hewa. Weka chupa kwenye boksi lake ndani ya kabati la nguo, mbali na bafu, na usiiache ndani ya gari. Ukisikia mwanzo wake umekuwa kama vanishi au mafuta ya kupikia yaliyolala, umri wake umekwisha. Usiipake ngozini, kwa sababu mafuta ya limau yaliyochacha huweza kuleta mzio. Ndiyo sababu nawashauri watu kununua mililita 30 za kitu wanachokipenda badala ya 100. Chupa kubwa ya limau ni kama kapu kubwa la malimau.

Unaponunua, tazama maandishi yanayotaja nguvu. Kwa kawaida Eau de Cologne huwa na asilimia 2 hadi 5 ya mafuta ya kunukia, Eau de Toilette 5 hadi 15, na Eau de Parfum 15 hadi 20. Kwa jamii hii, nguvu kubwa si lazima iwe bora, kwa sababu mara nyingi kinachoongezwa ni mti na miski, na chai hubaki ile ile au ikazama kabisa. Linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, zikitofautiana, rudisha. Kama unajaza kichupa kwenye maduka ya mafuta ya kupima, anza na mililita chache. Bandia nyingi hujua kuiga dakika kumi za kwanza, lakini hushindwa saa ya tatu, na saa ya tatu tayari unajua kuisubiri.

Anza wiki hii na limau la Nakasero. Wiki ijayo jaribu manukato mawili, moja kila mkono, ukiandika kwenye daftari unachosikia saa mbili asubuhi, saa nne, na saa kumi jioni. Baada ya siku chache utaona mkono mmoja unaurudia bila kukusudia, ukiuinua usoni katikati ya kazi. Hayo ndiyo yako. Yule mama wa koti la kijivu alishuka karibu na Wandegeya, na alipopita mbele yangu limau lilikuwa limeshaondoka. Ilibaki chai, kavu na tulivu, kwa wale tu aliowagusa bega alipokuwa akitafuta njia ya mlangoni.